Cheti Si Kazi: Jinsi Majirani Zetu Walivyowahesabu Askari Waliorudi Uraiani

Mwezi Juni mwaka 2023, katika eneo la Gorongosa nchini Msumbiji, ilifungwa kambi ya mwisho ya wapiganaji wa RENAMO. Kambi hizo zilikuwa 16, na wapiganaji walioweka silaha chini na kurudi uraiani walizidi 5,200. Hivyo ndivyo ilivyotekelezwa sehemu moja kubwa ya makubaliano ya amani yaliyotiwa saini mjini Maputo mwezi Agosti mwaka 2019 kati ya Rais Filipe Nyusi na kiongozi wa RENAMO, Ndugu Ossufo Momade. Hesabu ya kambi na ya watu ilikamilika. Lakini iko hesabu ya pili, ngumu kuliko ile ya kwanza, nayo haikamiliki siku ya sherehe. Ni wangapi miongoni mwa watu hao watakaokuwa na kazi ya kuwalisha wao na watoto wao baada ya mwaka mmoja, baada ya miaka miwili, baada ya miaka mitano?

Swali hili si geni katika sehemu hii ya Afrika. Tangu kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili, karibu kila serikali iliyowaachisha askari imewaahidi mafunzo: useremala, uashi, ufundi wa magari, umeme, redio, ushonaji, na siku hizi hata kompyuta. Ahadi hiyo ni njema. Ila imekuwa desturi kuhesabu waliofundishwa na kuacha kuhesabu walioajirika. Taarifa husema vyeti kadhaa vimetolewa na masanduku kadhaa ya zana yamegawiwa, kisha faili hufungwa. Hapana budi tuitazame historia ya majirani zetu, tuone faili hizo zilipofungwa mapema ni nani aliyelipa gharama.

Tuanze na Kenya. Katika vita vya mwaka 1939 hadi 1945 Kenya peke yake ilitoa karibu watu 98,000 kulitumikia jeshi la Mwingereza. Wengi wao hawakubeba bunduki tu. Jeshi la kisasa lilihitaji madereva, mafundi wa magari, askari wa simu na redio, makarani na wauguzi, na kijana aliyetoka kijijini bila kujua kusoma alirudi kutoka Burma au Mashariki ya Kati akiwa na ujuzi mkononi na akiba kidogo mfukoni. Kwa maneno mengine, vita vyenyewe vilikuwa chuo kikubwa cha ufundi kuliko chuo chochote ambacho serikali ya kikoloni ilikuwa imewahi kukijengea Waafrika.

Alikuta nini huko nyumbani? Alikuta kipande shingoni kama alivyokiacha. Alikuta uchumi ambao nafasi zake za ufundi zilikuwa chache, na mishahara yake imepangwa kwa rangi ya ngozi. Serikali ya kikoloni ilifungua nafasi za mafunzo huko Kabete na kwingineko, lakini tarajio lake kuu lilikuwa kwamba askari Mwafrika atarudi katika shamba la baba yake na kutulia. Wakati huo huo Wazungu waliotoka katika vita hivyo hivyo waliandaliwa mpango wa kupewa mashamba katika nyanda za juu, kama walivyopewa wenzao baada ya vita vya kwanza mwaka 1919. Yaani serikali ilijua vizuri jinsi ya kumpatia askari riziki, na ilimchagua askari wa kumpatia.

Miongoni mwa waliorudi kutoka Burma alikuwa Waruhiu Itote. Alipata kazi ya kukoka moto katika garimoshi za reli. Miaka michache baadaye dunia ilimjua kwa jina la Jenerali China, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau katika Mlima Kenya. Jijini Nairobi vijana wa kundi lililoitwa Anake a Forty, ambalo lilikuwa na askari wa zamani wasio na kazi, walikwisha kuwa tishio kwa serikali kabla hali ya hatari haijatangazwa mwezi Oktoba mwaka 1952. Itakuwa kosa kusema kwamba Mau Mau ilizaliwa na ukosefu wa kazi wa askari peke yake. Ardhi na uhuru ndiyo yaliyokuwa madai makuu. Lakini serikali ambayo haikujali kujua mtu wake aliyefundishwa yuko wapi na anafanya nini, ilikuja kumpata msituni.

Katika miaka hiyo hiyo, ng'ambo ya pili ya bahari, Marekani ilifanya jambo kubwa. Sheria iliyotiwa saini na Rais Franklin Roosevelt tarehe 22 Juni mwaka 1944 iliwapa askari waliorudi haki ya kusomeshwa kwa gharama ya serikali. Kati ya askari wapatao milioni 16, watu milioni 7.8 waliitumia haki hiyo, na walio wengi hawakwenda chuo kikuu bali walikwenda kujifunza ufundi na kazi. Sifa za sheria hiyo zimeimbwa sana, na hata haki hiyo haikuwafikia Wamarekani weusi sawasawa na weupe. Linalosahauliwa ni kwamba karo ya serikali ilizaa vyuo vya biashara kama uyoga baada ya mvua. Chuo kililipwa kwa kila askari aliyeandikishwa, awe amepata kazi au hakupata. Bunge lilichunguza malalamiko, na mwaka 1952, katika sheria ya askari wa vita vya Korea, likaweka sharti kwamba wanafunzi wanaolipiwa na serikali kwa ajili ya uaskari wao wasizidi asilimia 85 ya wanafunzi wa kozi moja. Maana yake ilikuwa wazi: kozi ambayo hakuna raia hata mmoja anayekubali kuilipia kwa fedha yake mwenyewe, haiaminiki.

Sharti hilo lilikuwa kipimo cha kwanza cha maana. Bado hata hivyo halikupima kazi. Lilipima tu kama kuna mtu mwingine anayeiamini kozi hiyo.

Tukirudi kusini mwa bara letu, tunaikuta Zimbabwe. Baada ya uhuru wa mwaka 1980, majeshi ya ukombozi ya ZANLA na ZIPRA na lile la serikali iliyoondoka yaliunganishwa, na maelfu ya wapiganaji wakabaki nje ya jeshi jipya. Mwaka 1981 serikali ilianzisha idara ya kuwarudisha uraiani. Kila mmoja aliahidiwa dola 185 za Zimbabwe kwa mwezi kwa muda wa miaka miwili, pamoja na nafasi ya kuendelea na masomo, kujifunza ufundi, au kupata ushauri wa biashara na wa vyama vya ushirika. Kwa karatasi mpango huo ulikuwa kamili. Lakini miaka miwili ilikwisha, posho ikakoma, vyama vingi vya ushirika vikafa, na wapiganaji wengi wakabaki bila kazi ya kudumu.

Kilichofuata kinajulikana. Mwaka 1997 maveterani hao waliandamana dhidi ya serikali waliyoipigania. Serikali iliwapa kiinua mgongo cha dola 50,000 kila mmoja na pensheni ya dola 2,000 kwa mwezi, fedha ambazo hazikuwamo katika bajeti. Tarehe 14 Novemba mwaka huo sarafu ya Zimbabwe iliporomoka vibaya kwa siku moja. Kuanguka kwa uchumi wa Zimbabwe kulikuwa na sababu nyingine pia. Hata hivyo deni la askari lilikuwa limelala miaka kumi na zaidi bila mtu kulisoma, na deni lisilosomwa halifutiki. Kipimo cha mwaka 1985 au 1988, kilichofanywa kwa uaminifu na kutendewa kazi, kingegharimu sehemu ndogo sana ya yale malipo ya mwaka 1997.

Uganda ilijifunza zaidi. Jeshi la NRA, lililoingia Kampala mwezi Januari mwaka 1986, lilizidi kukua kwa kupokea makundi yaliyojisalimisha, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa mzigo mzito kwa hazina. Kuanzia mwezi Desemba mwaka 1992 hadi mwaka 1995 serikali, kwa msaada wa Benki ya Dunia na nchi wahisani, iliwaachisha askari 36,358 kwa awamu tatu. Bodi maalum ya maveterani iliundwa, ikawa na watumishi wake katika wilaya. Askari alisafirishwa hadi kwao pamoja na familia yake, akapewa mabati ya kuezekea, jembe, mbegu, karo ya watoto, na fedha katika akaunti ya benki iliyo karibu naye. Mafunzo ya ufundi yalikuwa sehemu ndogo tu ya mpango huo. Serikali ilitambua kwamba kwa askari wengi kazi iliyokuwapo ilikuwa ni ardhi.

Jambo la kutazamwa sana katika mpango wa Uganda ni kwamba walikuwapo watu wa kuuliza baadaye. Mtaalamu wa uchumi Paul Collier alichunguza mapema hofu iliyokuwa imetanda kwamba askari hao wangegeuka kuwa majambazi. Aliona kwamba kwa jumla kuachishwa kwao hakukuongeza uhalifu. Lakini alipowagawanya katika makundi, wale waliorudi bila kuwa na ardhi walionekana katika mashtaka ya uhalifu mara nyingi zaidi kuliko raia wa kawaida. Wastani ulificha hatari hiyo, na mgawanyo ndio uliofichua. Kipimo kizuri basi hakiishii kuuliza kama askari wanaendelea vizuri. Huuliza ni askari yupi asiyeendelea vizuri, na kwa nini.

Sasa turudi Msumbiji. Hapa sisi Watanzania tuna historia ya pamoja, kwani FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, na wapiganaji wake walifunzwa Nachingwea. Baada ya vita vya miaka kumi na mitano, Rais Joaquim Chissano na Afonso Dhlakama walitia saini amani mjini Roma tarehe 4 Oktoba mwaka 1992. Umoja wa Mataifa uliandaa kambi 49 za kuwakusanya askari wa pande zote mbili. Jeshi jipya lilikusudiwa kuwa na watu 30,000. Lakini askari walichoka na vita, na katikati ya mwaka 1994 baadhi yao waliasi katika kambi hizo wakidai malipo na ruhusa ya kwenda nyumbani. Mwishowe waliojiunga na jeshi jipya hawakufika hata nusu ya idadi iliyokusudiwa, na zaidi ya askari 90,000 wakarudi uraiani.

Watu hao walirudi katika nchi ya namna gani? Wakimbizi wapatao milioni 1.7 walikuwa wanarudi wakati huo huo kutoka Malawi na nchi nyingine jirani, Tanzania ikiwamo. Barabara zilitegwa mabomu. Viwanda vya serikali vilikuwa vinauzwa kufuatana na masharti ya wakopeshaji, na baada ya muda mfupi viwanda vingi vya korosho vikafungwa na wafanyakazi wake kuachishwa. Kijana aliyetekwa akiwa mtoto na kulelewa porini, ambaye hakufika mbali darasani, alitakiwa kutafuta kazi mahali ambapo fundi mwenye uzoefu alikuwa anapoteza yake.

Mpango mkuu ulikuwa wa fedha. Serikali ililipa miezi sita, na wahisani wakaongeza miezi 18, jumla miaka miwili, kupitia matawi ya benki katika wilaya ambazo askari wenyewe walizichagua. Baadhi ya waangalizi waliupachika mpango huo jina la lipa, watawanyike. Pamoja nao Shirika la Kazi Duniani liliendesha mafunzo mafupi ya ufundi yaliyoambatana na utoaji wa zana. Baraza la Kikristo la Msumbiji nalo, kuanzia mwaka 1995, lilikusanya bunduki na kutoa badala yake cherehani, baiskeli, majembe na plau.

Tusidharau kazi hiyo. Amani ilishika, uchaguzi ulifanyika mwezi Oktoba mwaka 1994, na askari kwa sehemu kubwa hawakurudi porini kwa miaka mingi. Lakini je, ni mafunzo yaliyowapa kazi, au ni ardhi, ndugu na uchovu wa vita? Hapo ndipo hesabu inapokuwa na utata. Sanduku la zana likiisha kugawiwa huandikwa kitabuni kuwa ni mafanikio. Msumeno wake ukiuzwa sokoni wiki ya pili ili kununua unga, kitabu hakibadiliki. Cherehani katika kijiji kisicho na mtu wa kununua kitambaa ni chuma tu. Tena malipo ya benki yalipokoma, ndipo ilipokoma pia sababu ya askari kujitokeza mbele ya mtu mwenye daftari.

Ili jambo hili lieleweke, tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme askari 100 wameandikishwa katika mafunzo ya umeme, na 80 wakamaliza. Chuo kitatangaza mafanikio ya asilimia 80. Baada ya mwaka mmoja mtafiti anatumwa kuwatafuta wale 80. Anawapata 50, na kati yao 30 wana kazi. Taarifa itasema asilimia 60 wameajirika. Lakini walioanza walikuwa 100, na waliothibitika kuwa na kazi ni 30 tu. Ukiuliza zaidi utaona kwamba 12 kati ya hao 30 ni wapagazi na walinzi ambao hawajagusa waya tangu watoke chuoni. Waliobaki katika ufundi waliofundishwa ni 18. Kisha waulize askari 100 wengine wa hali ile ile ambao hawakufundishwa kitu. Ukikuta 25 kati yao wana kazi, basi faida halisi ya mafunzo yale kwa upande wa ajira ni watu watano. Shughuli ni ile ile, chuo ni kile kile, ila jibu laweza kuwa 80, au 60, au 30, au 18, au 5, kutegemea aliyeuliza na alichotaka kusikia.

Kutokana na mfano huo tunaona kwamba mpimaji mwaminifu ana mambo manne ya kushika. Kwanza, ahesabu kuanzia walioingia, wala si kuanzia waliomaliza. Pili, awatafute wasioonekana, kwa kuwa aliyepotea mara nyingi ndiye aliyeshindwa, au amehamia mjini ambako ufundi wake una soko, na yote mawili ni habari muhimu. Tatu, aeleze kazi ni nini. Katika nchi zetu fundi wengi hawaajiriwi na mtu. Hujiajiri chini ya mwembe, mwezi huu wana kazi na mwezi ujao hawana. Kipimo kinachotafuta barua ya ajira na hati ya mshahara kitawaona hao wote kuwa hawana kazi, na kipimo kinachokubali kibarua cha siku moja kitawaona wote kuwa wanayo. Nne, alinganishe na wale wasiofundishwa, maana anayejitokeza kusoma mara nyingi ndiye mchapakazi ambaye angefanikiwa hata bila chuo.

Lipo na jambo la tano, nalo ni la fedha. Marekani, baada ya makosa ya miaka ya 1940, ilijaribu njia mpya. Sheria ya mwaka 2017 ilianzisha mpango wa majaribio ulioitwa VET TEC, wa kuwafundisha maveterani kazi za kompyuta na teknolojia nyingine mpya, nao uliendeshwa kuanzia mwaka 2019 hadi mwaka 2024. Chuo kililipwa robo ya ada mwanafunzi alipoanza, robo nyingine alipomaliza, na nusu iliyobaki alipopata kazi ya maana katika fani aliyosomea ndani ya siku 180. Sheria nyingine iliyotiwa saini Januari mwaka 2025 iliurejesha mpango huo. Fikra yake ni ya busara: mwenye chuo naye ahisi njaa mwanafunzi wake asipopata kazi. Lakini na fikra hiyo ina mtego wake. Chuo kinacholipwa kwa ajira kitapenda kuwachagua wenye nguvu na kuwaacha wagonjwa, wenye majeraha, na wasio na elimu, yaani wale hasa ambao mafunzo yalikusudiwa kuwainua. Na siku 180 ni muda mfupi. Mtu aweza kuajiriwa mwezi wa tano na kuachishwa mwezi wa nane. Ukimpima mtu kwa kijiti, ataukata mwili wake ulingane na kijiti.

Kwa hiyo Msumbiji ya leo inayo nafasi ambayo Kenya ya mwaka 1945 na Zimbabwe ya mwaka 1981 hazikuitumia. Majina ya wale zaidi ya 5,200 yamo katika daftari. Tena serikali imekubali kwamba wapiganaji hao walipwe pensheni. Watu husema pensheni ni mzigo, na ni kweli ni mzigo. Lakini mtu anayekuja dirishani kuchukua haki yake ni mtu anayeweza kuulizwa: ulifundishwa nini, unafanya nini, zana zako ziko wapi, kwa nini uliacha? Maswali manne kila mwaka kwa miaka mitano yangeifunza serikali mengi kuliko vyeti elfu tano. Na majibu yakiwa mabaya, yasifichwe ili wahisani wafurahi. Yatumike kubadili mafunzo wakati fedha bado ipo.

Serikali hujua kumhesabu askari anapoingia jeshini, humhesabu kila asubuhi gwarideni, na humhesabu tena anapouawa. Ni haki yake ahesabiwe pia anapokuwa fundi, na hesabu hiyo isikome mpaka ijulikane kama ule ufundi unamlisha. Nchi isiyofanya hivyo hudhani imeokoa gharama ya karani na daftari. Historia ya majirani zetu inaonyesha kwamba gharama hiyo hulipwa baadaye, na hulipwa na wananchi wote.